Picha Ulizodhani Umezipoteza

Endasak, Alhamisi jioni

Fausta mwanangu,

Umeshuka kwa bibi yako kumuaga, na mama yako yuko zizini anakamua. Nimepata muda kidogo wa kuwa peke yangu. Nimekaa mezani pale unapowekaga kompyuta yako, nimechana kurasa za katikati za daftari lako la zamani, na mstari wa kwanza nimeuandika mara mbili.

Mambo ya safari mama yako amekwambia wiki nzima: nguo, chakula, watu wa kuwaamini na wa kuwakwepa. Hapo sina la kuongeza. Mimi nina jambo langu ambalo nimelibeba tangu masika ya mwaka jana, na nimeona kwamba ukipanda basi kesho kabla sijakwambia, sitakwambia tena. Ninajijua.

Nianze na Jumapili iliyopita. Ulizitandaza picha zako za watu wanaotengeneza filamu hapa mezani ili mimi na mama yako tuzione kabla hujazifunga kwenda nazo Dar es Salaam kwenye maonesho. Zile za Gitting mama yako alizicheka mpaka akafuta machozi: wale vijana waliokuwa wanashikilia shuka jeupe ili mwanga umrudie mchezaji usoni, na mmoja wao amefumba macho kwa upepo. Kuna ya Nangwa ya bibi harusi wa filamu, amekaa juu ya ndoo anakula ugali huku shela ameikunja begani isichafuke. Kuna ya mpiga kamera aliyekaa kinyume juu ya bodaboda, ameshikwa kiunoni na wenzake wawili wanaokimbia. Kuna ya yule mama mpishi aliyelala usingizi kando ya sufuria zake, na filamu inaendelea nyuma yake.

Ulipoanza kazi hii nilikuuliza kwa nini unapiga picha watu wanaopiga picha. Nilidhani ni kazi ya bure. Ukanijibu, "Baba, filamu ikitoka watu wanamwona mchezaji tu. Hawa wengine ni kama hawakuwepo." Ulikuwa umenipita, na baba hapendi sana kugundua hivyo.

Jumapili hiyo ulichukua karatasi ya maelezo yatakayobandikwa chini ya kila picha, ukatusomea. Ulipofika kwenye picha ya mwisho, ile ya mwamba peke yake bila mtu, sauti yako ilipungua. Ulisoma hivi: "Hapa ndipo Gidamis, kijana msaidizi wa filamu, alipoanguka. Picha za siku hiyo nilizipoteza mimi mwenyewe kwa uzembe wangu. Namwomba radhi." Mama yako alisema si vizuri kuwatangazia wageni kosa lako. Ukamwambia kwamba kama wenzako umewapiga picha wakiwa na vumbi na njaa, wewe huwezi kujipendelea.

Mimi niliinuka nikasema nakwenda kumwangalia ndama. Ndama hakuwa na shida yoyote. Nilisimama nyuma ya ghala mpaka nikasikia mmeanza kuzikusanya picha.

Fausta, hukuzipoteza. Nilizichoma mimi.

Nimeandika. Sasa nieleze ilivyokuwa, nisijitetee.

Unaikumbuka jioni ile ulivyorudi. Ulikuwa umelowa, suruali ina matope mpaka magotini, na hukunywa chai. Ulituambia kwamba Gidamis ameanguka mwambani na wamempeleka hospitali. Baadaye mama yako alipokwenda kuandaa maji ya kuoga, uliniita ukanionyesha kwenye kile kioo kidogo cha kamera. Uliibonyeza picha moja baada ya nyingine. Niliona mwamba unang'aa kwa maji ya mvua. Nilimwona Gidamis chini anatikisa kichwa, mikono ameikunja kifuani, anakataa. Nilimwona mwongozaji wa filamu amenyoosha mkono kuelekea juu. Niliona kamba imeachwa chini kwenye nyasi, haikufungwa popote. Kisha nikamwona Gidamis juu ya mwamba, mguu mmoja umeshaanza kuteleza. Baada ya hapo hukupiga, kwa sababu ulikuwa umekimbia kumshika.

Uliniambia, "Baba, ninayo yote humu." Ulisema hivyo ukilia, lakini kulikuwa na nguvu katika sauti yako, na nguvu hiyo ndiyo iliyonitisha.

Kesho yake alfajiri ulipanda tena mwambani na kamera, ukarudi ukaiacha hapa, ukaenda hospitali kumwona. Saa nne hivi mwongozaji akaja hapa na wanaume wawili. Hukujua kwamba walikuja. Hata mama yako hakujua, alikuwa shambani anapalilia maharage. Walinisalimu kwa heshima, shikamoo mzee, wakakaa hapa hapa. Mwongozaji hakunitukana wala hakunitisha kwa neno lolote. Alisema kazi ya filamu za kujitegemea ni ngumu, kwamba kila kitu wanaazima, kwamba jambo dogo likipotoshwa linaua kazi ya watu wengi. Alisema Gidamis alipanda mwenyewe wakati wa mapumziko, kwa kujionyesha. Nilijua kuwa ni uongo, nilikuwa nimeona. Kisha akainuka, akatazama picha yako ya kipaimara pale ukutani, akasema, "Mzee, binti yako ana kipaji. Itasikitisha akianza kazi kwa kugombana na watu. Nchi hii ni ndogo." Mmoja wa wale wawili alikuwa mlangoni muda wote, hakuketi.

Walipoondoka nilibaki na jasho mgongoni kana kwamba nimelima. Nikaanza kukuona umeachwa njiani usiku, umenyang'anywa kamera, umeitwa mahali ukaenda peke yako. Niliyaona hayo yote kwa macho, Fausta, kama ninavyoiona karatasi hii. Kamera ulikuwa umeiacha chini ya kitanda. Niliifungua pale pembeni ulipokuwa unaingizia memori kadi, nikaitoa. Ilikuwa ndogo kuliko ukucha wangu wa kidole gumba. Nikaenda jikoni nikaitupa kati ya mafiga. Ilitoa harufu mbaya na moshi mweusi kidogo, halafu ikaisha. Mama yako aliporudi akauliza ni nini kinanuka, nikasema ni mfuko wa plastiki.

Nataka ujue kwamba wakati ule sikujiona mwoga. Nilijiona baba. Hicho ndicho kitu ambacho ningependa ukijue mapema kuliko mimi: woga ukimjia mtu mzima haumwambii jina lake. Unamwambia kwamba anawalinda watoto wake.

Na haikuwa mara yangu ya kwanza. Kabla sijamwoa mama yako nilifanya kazi kwenye mashine ya kusaga nafaka. Nilikuwa na mwenzangu anaitwa Boay, kijana wa Mbulu, mcheshi, tulikuwa tunalala chumba kimoja. Siku moja bati la kufunika mkanda wa mashine lilikuwa limeng'oka na Boay akamwambia tajiri kwamba mashine haifai kuwashwa. Tajiri akasema watu wako kwenye foleni na magunia yao, iwashwe. Niliwasikia wote wawili, nilikuwa hatua tatu kutoka pale. Mkanda ukamkamata Boay mkono wa kulia. Ulikatwa juu kidogo ya kiwiko.

Tajiri akasema Boay alikuwa amelewa. Watu wa ofisi walipokuja kuuliza, wakaniita mimi kwa sababu ndiye niliyekuwepo. Tajiri alikuwa amesimama karibu na mlango anachezea funguo zake. Nikasema, "Mimi sikuona." Maneno mawili. Boay akarudi kwao bila mkono na bila jina jema, na mimi nikaendelea na kazi kwa miaka miwili mingine.

Unajua sasa kwa nini siendi mashineni, kwa nini siku zote ni mama yako anayepeleka mahindi. Mlidhani ni kifua na vumbi.

Nirudi kwako. Uliporudi kutoka hospitali na ukafungua kamera, nilikuwa nimekaa nje nanoa jembe. Nilisikia ukivuta begi, ukigeuza godoro. Kisha ukatoka, uso umebadilika, ukaniuliza kama nimeona kitu kidogo cheusi. Nikasema sijaona. Nikainuka nikakusaidia kutafuta. Nilifagia chumba chako, Fausta. Nilikung'uta blanketi. Ukasema labda ilichomoka alfajiri ile ulipokuwa unaitoa kamera kwenye mvua, ukataka kurudi kule mwambani, nami nikasema twende wote.

Safari ile ndiyo inayonirudia. Tulitembea kutoka hapa mpaka kule juu, wewe upande mmoja wa njia na mimi upande mwingine, tumeinama, tunapekua nyasi kwa fimbo. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlimani, na kila baada ya muda ulikuwa unaniita kuhakikisha kama bado nipo. "Baba?" Nami nikawa naitika. Ulipiga magoti kwenye tope chini ya ule mwamba ukapapasa kwa vidole. Nilikutazama. Ningeweza kusema pale pale. Badala yake nikakwambia, "Usijilaumu, mwanangu, kitu kidogo vile ni rahisi kupotea." Ukanishukuru kwa kuja na wewe.

Wiki iliyofuata, Gidamis akiwa bado hospitali, tukaitwa kwenye ofisi ya kata. Ulisimama mbele ya watu wazima wote wale ukaeleza ulichokiona, moja kwa moja, bila kupunguza. Mwongozaji akauliza kwa upole kama una ushahidi. Ukasema ulikuwa nao, umeupoteza. Watu wakaguna. Mwenyekiti wa kikao akanigeukia akauliza kama binti yangu aliwahi kunionyesha picha hizo. Wewe ulinitazama kwa matumaini kabisa. Ulijua ulinionyesha. Nikasema nilitazama kidogo tu, macho yangu siku hizi hayaoni vizuri, sikuona kitu cha maana.

Njiani ulinisamehe. Ulisema, "Ni kweli baba, kile kioo ni kidogo." Afadhali ungenipiga.

Kikao kikaamua kwamba Gidamis alipanda kwa uzembe wake. Familia yake wakarudi kule bondeni upande wa ziwa, na yeye leo anatembea kwa fimbo. Mtu aliyekuwa anakimbia na ndama wa baba yake tangu utotoni. Na filamu ikamalizika, nasikia inasifiwa.

Niliyaacha hivyo. Nilijiambia kwamba muda utafunika, kama nilivyojiambia kuhusu Boay. Lakini kuhusu Boay muda haukufunika kitu. Ulipokuwa darasa la tano, nadhani, nilikwenda Mbulu kwenye msiba wa shangazi yangu, nikamkuta sokoni anauza viatu. Alinitambua kabla yangu. Akanipa mkono wa kushoto, akaniuliza habari za nyumbani, akauliza nina watoto wangapi, akakutaja wewe akisema jina la Fausta ni zuri. Nilisimama pale na maneno yamejaa mdomoni. Nikasema nawahi gari. Nilijiahidi kwamba nitarudi nimwambie. Mwaka uliofuata nikaambiwa amekufa. Sina mtu wa kumwambia tena, Fausta. Watoto wake wanajua baba yao alipoteza mkono kwa ulevi, na mimi peke yangu ndiye ninayejua si kweli.

Niliposikia Jumapili unasoma lile neno, uzembe, juu yako mwenyewe, na kwamba litabandikwa ukutani watu wa mbali walisome na jina lako likiwa hapo, nikaona nimeshafanya Boay wawili, na wa tatu ni mtoto wangu.

Jana asubuhi nilimwambia mama yako. Alikuwa anachambua maharage. Hakuacha kuchambua. Alipomaliza ungo mzima ndipo akasema, "Utamwambia wewe. Mimi sitakusemea." Tangu jana hajazungumza nami zaidi ya kuniambia chakula kiko tayari. Ulipouliza kama tumegombana, ndiyo hayo.

Kisha nikachukua bodaboda nikashuka kwa kina Gidamis. Nilikwambia nakwenda kuangalia mbegu za alizeti. Huo ndio uongo wangu wa mwisho kwako, natumaini.

Njia nzima nilikuwa naogopa. Nilidhani baba yake na kaka zake watanipiga, na nilijua wakinipiga sitakuwa na la kusema. Nilimkuta Gidamis amekaa nje ya boma na fimbo yake mapajani, na mama yake karibu. Wengine walikuwa wamekwenda na ng'ombe. Aliponiona alijaribu kusimama anisalimu, nikamsihi akae. Mama yake akaniletea maziwa. Nilikunywa kidogo, nikaona si haki kuendelea kunywa, nikaweka kibuyu chini nikasema yote kama nilivyokuandikia. Nilichoona kwenye picha. Mkono wa mwongozaji, kamba kwenye nyasi. Moto.

Mama yake Kiswahili chake si kingi, kwa hiyo Gidamis akamtafsiria. Nilikuwa natazama mdomo wake akitafsiri, sielewi neno, ila najua amefika wapi kwa jinsi mama yake alivyokuwa akinitazama. Alipomaliza, yule mama akachukua kibuyu changu, akamimina maziwa yaliyobaki chini, akaingia ndani. Hakutoka tena.

Gidamis aliigeuza fimbo yake mapajani. Halafu akaniuliza, "Fausta anajua?"

Nikasema bado.

Akasema, "Mwambie kabla hajafika huko. Asiende kujisema vibaya mbele za watu kwa ajili yangu. Yeye ndiye aliyenishika kichwa mpaka gari likaja."

Nikamwomba msamaha. Akasema hilo hawezi kunijibu leo, na kwamba kama nina la kufanya nikalifanye ofisini, si pale. Ni kijana mwenye adabu. Hata wakati ananiambia niondoke aliniita mzee.

Kwa hiyo Jumatatu nitakwenda ofisi ya kata. Nitasema niliona picha, nitasema nilizichoma na nani alikuja nyumbani kwangu kabla sijazichoma. Huenda wakasema ni maneno ya mzee aliyechanganyikiwa. Huenda wakaniweka ndani kwa kusema uongo mbele ya kikao. Mwongozaji atajua, na ana marafiki huko unakokwenda. Juzi pikipiki ilisimama pale kwenye geti na moyo wangu ukasimama nayo. Alikuwa jirani anaazima bomba la kupulizia dawa. Hivyo ndivyo nilivyo sasa, na usidhani kwamba kukuandikia haya kumeniponya. Naogopa hata zaidi. Naogopa kwa ajili yangu, na usiku naogopa kwa ajili yako, kwamba wataona picha ya ule mwamba na maneno mapya chini yake na watakutafuta.

Lakini sitakwambia uitoe picha hiyo. Nilishakuchagulia mara moja na ukaona nilivyochagua. Ukiona ni vema kuiacha nyumbani, iache, hakuna atakayekucheka hapa. Ukiamua kuipeleka, basi futa lile neno lako. Andika kwamba picha za siku ile zilichomwa na baba yako, uweke na jina langu kamili. Wanaosoma wasidhani ni wewe. Na ukiwa huko, siku mtu akikujia kwa sauti ya upole akakusifia kipaji kabla ya kukuomba unyamaze, uwaambie wenzako siku hiyo hiyo, wawili au watatu. Mimi nilikaa na ugeni ule peke yangu, na nadhani ndiyo maana ulinishinda.

Sijui kama utanisamehe. Nimejaribu kuandika sentensi ya kukuomba, nimeikata mara kadhaa, kila mara inageuka kuwa ya kujionea huruma. Nakuomba tu usimfanye mama yako abebe hasira zako juu yangu. Yeye mpigie simu hata kama mimi hutaki kunisikia.

Nilipoanza kuandika nilipanga kuikunja barua hii na kuisukuma ndani ya begi la kamera, uikute ukiwa umeshavuka Babati, mbali na macho yangu. Sasa naona hiyo nayo ingekuwa njia ya kujificha. Mbwa anabweka kwa ile sauti yake ya kumpokea mtu wa nyumbani, na nasikia unamwambia atulie. Nitakupa mkononi. Nitakaa kwenye kiti cha mlangoni mpaka umalize ukurasa wa mwisho, na lolote utakalosema nitalisikia nikiwa hapo.

Baba yako